Sura ya Nane: Kwetu Hatuna Jeni

"Kwetu hatuna jeni," alisema mke wa ami yangu, akauvuta mtandio mbele kidogo kama mtu aliyekwisha maneno.

Daktari alitaka kucheka, akajizuia. Alikuwa kijana wa Muscat ambaye bibi yake alitoka Ng'ambo, Unguja, kwa hiyo Kiswahili alikuwa nacho, lakini cha nyumbani, cha kuombea chai na kukemea watoto. Cha kitabibu alilazimika kukitunga palepale. Tulikuwa wanne katika chumba kidogo cha hospitali moja ya hapa mjini. Mtoto wa ami, mwanamume wa miaka 36 ambaye hajapata kuumwa kitu kikubwa kuliko mafua, alikuwa ameanguka wiki mbili kabla katika soko la samaki la Seeb, kipande cha nguru bado kimo mkononi. Kifafa, bila taarifa. Picha ya kwanza ilionyesha kitu mbele ya ubongo, upande wa kushoto, chenye ukubwa wa ndimu. Daktari akasema anataka kuijua jeni ya uvimbe ule kabla ya mpasuaji kuingia, na hapo ndipo bi mkubwa alipofunga mlango.

Sikumlaumu. Oman neno "jeni" limetufikia kwa njia ya ndoa. Limekuja pamoja na seli mundu, thalasemia, na ule upungufu unaomfanya mtoto ageuke manjano akila maharagwe ya baghila. Limekuja na vipimo kabla ya nikaha, na vikao vya wazee vinavyouliza kwa sauti ya chini kama ule upande wa pili damu yao safi. Katika jamii ambayo binamu huoa binamu, jeni ni siri ya ukoo, na mtu anayekuambia mwanao ana jeni mbovu amekutajia ukoo mzima. Tena bi mkubwa alikuwa na mtoto mwingine, mdogo, aliyekwisha kuposa. Posa ilikuwa imekubaliwa, mahari bado.

"Mama," daktari alisema, "hii haikutoka kwenu wala kwa mumeo. Imeharibika humohumo kichwani, katika seli moja, yeye akiwa mtu mzima. Watoto wake hawana, ndugu zake hawana. Hata yeye mwenyewe ukimpima damu ya mkononi hutaikuta."

Bi mkubwa alimtazama muda. "Haya. Na kama haimo kwenye damu, imo ndani ya kitu kilichomo ndani ya fuvu, mtaijuaje bila kulifungua fuvu?"

Aliliuliza kwa hasira, lakini ni swali zuri kuliko mengi niliyoyasikia kwenye makongamano.

*

Kwa muda mrefu jibu lilikuwa fupi: hamwezi. Mwaka 1926 Percival Bailey na Harvey Cushing, Wamarekani wawili, walichapisha mpango wa kuzipanga glioma, yaani vivimbe vinavyotokana na seli zinazoihudumia mishipa ya fahamu, kwa kuzitazama chini ya hadubini na kuzifananisha na seli za kawaida. Zenye umbo la nyota zikawa astrositoma. Zenye matawi machache zikawa oligodendroglioma. Zile za vurugu, zenye mishipa ya damu iliyosokotana na viraka vilivyokufa, zikawa glioblastoma. Majina hayo tunayo mpaka leo. Lakini kutaja kitu kwa sura yake kuna hatari ambayo kila aliyewahi kununua vitunguu sokoni anaijua: viwili hufanana nje, ukikata kimoja kimeoza. Wataalamu wawili waliobobea waliweza kukitazama kipande kimoja cha nyama na kukipa majina mawili. Na wagonjwa wawili wenye jina moja waliweza kuishi, mmoja miaka kumi na mitano, mwenzake mwaka mmoja na nusu.

Ufunguo ulipatikana 2008. Kundi la watafiti wa Marekani lilizisoma jeni zaidi ya 20,000 katika glioblastoma 22, kazi ya kuchosha ya kusaka makosa ya herufi, na likakuta kosa moja linalojirudia mahali ambapo hakuna aliyepatarajia: katika jeni inayoitwa IDH1, ambayo kazi yake ni ya jikoni kabisa. Inatengeneza kimeng'enya kinachosaidia seli kutumia chakula. Mwaka uliofuata ilionekana kwamba kosa hilo limo katika glioma nyingi mno za daraja la kati na la chini, hasa za vijana, na kwamba linabadili mustakabali wa mgonjwa. Katika utafiti huo wa 2009, wenye glioblastoma yenye kosa la IDH waliishi wastani wa miezi 31, wasio nalo miezi 15. Sura moja, magonjwa mawili.

Shirika la Afya Duniani likasalimu amri. Katika orodha yake ya 2016, na kwa ukali zaidi ile ya 2021, jina la uvimbe haliandikwi tena kwa sura peke yake. Astrositoma ya mtu mzima ni ile yenye kosa la IDH. Oligodendroglioma ni ile yenye kosa hilo na pia imepoteza vipande vya kromosomu mbili, ya 1 na ya 19. Isiyo na kosa hilo na yenye dalili za ukali ndiyo glioblastoma. Jina sasa linatoka maabara, na maabara inataka nyama. Nyama inataka sindano ipite kwenye ubongo, na sindano ile, hata mikononi mwa bingwa, mara mojamoja huacha damu pale ilipopita.

*

Sasa nirudi jikoni, kwa sababu jibu la bi mkubwa limo humo.

Protini ya IDH1 ni mkufu wa vipande 414. Katika wagonjwa wengi wenye kosa, kilichobadilika ni kipande cha 132 tu: palipopaswa kuwa na arjinini pamekaa histidini. Herufi moja ya maandishi. Ungetegemea kimeng'enya kivunjike na kuacha kazi, kama mpishi aliyeumwa. Hakivunjiki. Kinaanza kupika chakula kingine. Wanasayansi wa kampuni ya Agios na wenzao walionyesha mwaka 2009 kwamba kimeng'enya chenye kosa huchukua kile ambacho mwenzake mzima angekitoa, na kukigeuza kuwa kemikali ambayo katika ubongo wa kawaida ipo kwa chembechembe tu: 2-haidroksiglutareti, ambayo wenye haraka huiita 2HG. Ndani ya uvimbe hurundikana hata mara mia ya kawaida. Huko hugusa vimeng'enya vinavyofungua na kufunga kurasa za DNA, na seli ikasahau kukomaa.

Kwa mganga hii ni habari mbaya. Kwa mtu wa picha ni bahati iliyoje. Jeni haionekani kwa MRI; ni ndogo mno, ni moja kati ya maelfu, haina rangi. Lakini chakula kinachopikwa kwa amri yake kimejaa chungu. Kila aliyekulia uchochoro wa Mkunazini, au hata vichochoro vya Muttrah, anajua kwamba huhitaji kuingia nyumba ya jirani kujua leo wana harusi. Ukipita mlangoni, bukhuri na harufu ya biriani vimekwisha kukwambia.

Tatizo ni pua. MRI tunayoifahamu husikiliza maji. Mwili umejaa maji, kila tone la maji lina protoni za haidrojeni, na protoni ndani ya sumaku kubwa huyumba kama pia kwa kasi maalumu. Ukizigonga kwa mawimbi ya redio zinajibu. Kutokana na majibu hayo kompyuta huchora picha. Lakini haidrojeni haimo kwenye maji peke yake. Imo pia ndani ya kemikali za ubongo, na kila moja huyumba kwa kasi inayotofautiana kidogo sana na mwenzake, sehemu chache katika milioni. Ukiyanyamazisha maji, ambayo sauti yao inazifunika nyingine zote, unaweza kuzisikia. Kazi hii huitwa spektroskopia, na haitoi picha bali mstari wenye vilima.

Wazee wa hapa Muscat wanaikumbuka kazi ya aina hiyo. Miaka ya sabini baba yangu alikuwa akikaa barazani usiku, akizungusha kitufe cha redio taratibu, unywele kwa unywele, kuitafuta Zanzibar katikati ya mikwaruzo na stesheni za Kihindi na Kiajemi. Zanzibar ilikuwapo. Ila imebanwa. Ndivyo 2HG ilivyo: stesheni yake imekaa kwenye alama ya 2.25, na majirani zake, glutameti na glutamini, wanatangaza karibu palepale, kwa sauti kubwa, usiku na mchana, katika kila ubongo. Changho Choi na wenzake wa Dallas, Texas, walipata namna ya kuzipanga nyakati za mawimbi, milisekunde 97 kutoka pigo mpaka mwangwi, ili jirani wanyamaze kiasi na 2HG isimame peke yake. Walichapisha 2012, kwa wagonjwa 30. Mwaka huohuo makundi mengine yalionyesha jambo kama hilo kwa njia zao. Nijuavyo mimi, hapo ndipo kwa mara ya kwanza kosa la herufi moja ya jeni lilipotambuliwa ndani ya kichwa cha mtu aliye hai, bila kukigusa kichwa.

*

Siku ya kipimo nilimsindikiza mtoto wa ami. Fundi wa mashine alikuwa mama wa Kerala, miaka mingi Oman, anayesema Kiarabu cha soko na Kiswahili maneno matano, mojawapo "pole". Alimvua saa, akamvua pete, akauliza mara tatu kama ana chuma mwilini. Kanzu na kofia viliruhusiwa. Mlangoni pamebandikwa picha za vitu vilivyokatazwa na moja ni jambia. Nilidhani ni mzaha wa kitalii mpaka nilipofikiri ni jioni ngapi watu hukimbizwa hospitali moja kwa moja kutoka harusini.

Kupitia kioo nilimwona fundi akifanya kitu ambacho sikukitegemea. Alichukua kisanduku kwenye skrini, mistari minne ya njano, akakiburuta juu ya picha ya uvimbe. Akakisogeza kisiguse mfupa. Akakisogeza kisiguse maji ya ubongo. Akakigeuza pembe. Sentimita mbili huku, mbili huku, mbili kwenda ndani: mililita nane za ubongo wa ndugu yangu, ndani ya mistari ya njano. Baadaye nilielewa kwa nini alihangaika vile. Watafiti wa New York waliokitumia kipimo hiki hospitalini walikuta kwamba kwa vivimbe vilivyozidi mililita nane kilikamata kosa mara tisa kwa kumi. Kwa vile vidogo, chini ya mililita tatu na nusu, kilikosa karibu vyote. Chungu kikiwa kidogo harufu haifiki mlangoni. Na kukosa kuinusa hakumaanishi kwamba hakuna kinachopikwa, jambo ambalo ripoti nyingi zinapaswa kulisema na hazilisemi.

Mashine iligonga dakika kadhaa, kwa mlio kama wa mtu anayepiga bati. Kisha mstari ukatokea. Vilima vitatu nilivyovifahamu kutoka vitabuni: kirefu cha kolini, ishara ya seli zinazogawanyika haraka, kifupi cha NAA, ishara ya mishipa ya fahamu iliyopungua, katikati yao kreatini. Na pembeni, kabla ya NAA, kijilima. Mama wa Kerala alikiwekea ncha ya kalamu bila kusema kitu. Si kazi yake kusema.

Daktari alikuwa na ushahidi wa pili, rahisi zaidi, na kwa kweli ndio ninaoupenda, maana hauhitaji mashine maalumu. Alifungua picha mbili za mkato mmoja. Katika ya kwanza, inayoitwa T2, kila chenye majimaji kinang'aa, na uvimbe wote ulikuwa mweupe kama mwezi wa kumi na nne. Katika ya pili, FLAIR, ambayo huyazima maji yaliyo huru, mwezi uleule ulikuwa umepatwa: katikati giza, ukingoni pete nyembamba ya mwanga. Kutolingana huko kulielezwa 2017 na Sohil Patel na wenzake, waliopitia picha za glioma 125 za daraja la kati na la chini, na kila mahali walipoiona pete ile, uvimbe ulikuwa astrositoma yenye kosa la IDH na kromosomu zake kamili. Kila mahali. Tafiti za baadaye zimepata kasoro chache, na kwa watoto alama hiyo hupotosha. Pia wengi wenye kosa hawana pete. Ikiwapo inasema mengi, isipokuwapo haisemi kitu.

"Kwa hiyo mnajua," bi mkubwa alisema alipoelezwa.

"Tunadhani sana, Mama."

"Kudhani sana ndiyo nini?"

Daktari akafikiri. "Ni kama umesikia hodi ya mwanao. Hujamwona bado, lakini umeshamtilia chai."

*

Lingekuwa kosa kuondoka hapa na furaha. Mtu akishaona jeni moja imenuswa kwa nje anataka kuzinusa zote, na kompyuta zimempa moyo. Kuna uga mzima sasa, radiojenomiki, wa kufundisha programu zitafute ndani ya picha yale ambayo jicho halioni. Mfano wa kuujua mpaka wake ni MGMT. Hii ni jeni ya ukarabati. Ikifungwa kikemia ndani ya glioblastoma, uvimbe hushindwa kujitibu na dawa ya temozolomidi hufanya kazi vizuri zaidi, jambo lililothibitishwa 2005. Kila daktari angependa kuijua kutoka kwenye picha. Mwaka 2021 vyama vya radiolojia vya Marekani viliweka shindano: hizi hapa MRI za mamia ya wagonjwa, tuambieni MGMT ya nani imefungwa. Timu zaidi ya elfu zilishiriki. Mshindi alipata 0.62, katika kipimo ambacho 0.5 ni sawa na kurusha sarafu na 1 ni kutokosea kabisa.

Kwa nini IDH ndiyo na MGMT siyo? Nadhani jibu limo jikoni vilevile. IDH yenye kosa hupika. MGMT iliyofungwa haipiki chochote. Ni chumba kilichofungwa komeo ndani ya nyumba, na nje hakuna harufu. Kompyuta ikilazimishwa kupata harufu mahali isipokuwapo itanusa kitu kingine: chapa ya mashine, hospitali picha ilikotoka, umri wa mgonjwa. Hilo linatugusa sisi hasa, kwa kuwa picha nyingi zilizofundishia programu hizi ni za Marekani na Ulaya. Tangu 2023 BraTS, shindano la kompyuta kusoma picha za vivimbe vya ubongo, limeongezewa tawi la Afrika, likitumia picha kutoka mashine za kawaida za kusini mwa Sahara, zenye sumaku dhaifu na picha zisizo kali. Ni mwanzo. Lakini programu ikiletwa Muscat au Dar es Salaam na muuzaji mwenye tai, swali la kwanza ni: ulijifunzia vichwa vya nani, ndani ya mashine gani?

Hapa Oman tuna nafuu. Khoula ni kituo cha rufaa cha taifa cha upasuaji wa ubongo, Royal ina kituo cha saratani, Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kina hospitali yake. Upande wa pili wa bahari, Unguja, upasuaji wa ubongo umepata jengo lake Mnazi Mmoja kwa msaada wa taasisi ya NED ya daktari wa Kihispania José Piquer, na Dar kuna taasisi ya MOI. Kinachopotea ni katikati. Simu yangu imejaa picha ambazo jamaa wa Unguja hunitumia kwa WhatsApp: filamu ya MRI imebandikwa kwenye kioo cha dirisha, nyuma yake unaona mnazi na waya wa nguo, na maneno "mwonyeshe daktari wa huko." Filamu ile haina FLAIR na T2 za mkato mmoja zilizowekwa bega kwa bega, na spektroskopia haimo kabisa. Mwombe mtu wa mashine akupe CD, au hizo faili zenyewe. Ukituma hizo umetuma mgonjwa. Ukituma picha ya dirisha umetuma dirisha.

*

Kujua mapema kulibadili nini? Si kila kitu. Dawa ya vorasidenibu, inayokizuia kimeng'enya chenye kosa kisipike na ambayo katika jaribio la wagonjwa 331 ilirefusha muda kabla ya uvimbe kukua kutoka miezi 11.1 hadi 27.7, iliidhinishwa Marekani Agosti 2024, na hakuna anayeandikiwa kwa kijilima cha kwenye skrini. Lazima nyama ithibitishe. Lakini mpasuaji aliyekuwa akifikiria kuchukua kinyama na kutoka, kisha kuangalia, alibadili nia. Katika astrositoma yenye kosa la IDH kila kinachoweza kutolewa salama kina faida, kwa hiyo akapanga upasuaji mkubwa, mgonjwa akiwa macho, akihesabu na kutaja majina ya samaki ili maneno yake yalindwe. Alitaja nguru, changu, jodari, kolekole. Alipofika kwa pweza mpasuaji aliuliza kama pweza ni samaki, na wakabishana, fuvu likiwa wazi.

Maabara ilijibu wiki kadhaa baadaye. IDH1, kipande cha 132, histidini. Kromosomu kamili.

Bi mkubwa hakuuliza kuhusu histidini. Alimwomba daktari amwandikie, kwa Kiarabu, kwa muhuri, kwamba ugonjwa wa mwanawe mkubwa hauwahusu ndugu zake. Daktari akaandika mistari minne. Ameniambia baadaye kwamba kwa aina nyingine za vivimbe, zile chache zinazotembea na ukoo, asingeweza kuandika hivyo, na kwamba aliisoma ripoti ya maabara mara mbili kabla ya kutia saini.

Karatasi ile bi mkubwa aliikunja, akaitia mkobani pamoja na udi, na Ijumaa akaipeleka mwenyewe kwa wakwe watarajiwa, Al Khoudh. Baba wa binti aliisoma, akampa mkewe, mkewe akamwita binti yao anayesomea uuguzi, naye akaisoma akaeleza. Ikaja kahawa, ikaja halua. Kisha yule baba akauliza kama mahari yatalipwa kabla ya Ramadhani au baada.